Kuku Asiyegeuka Kushoto

Bi Pindo alikuwa na wiki moja tu ya kumvua wifi yake ubingwa, na kuku alikuwa amekataa katakata kugeuka kushoto.

Tuelewane kwanza kuhusu huo ubingwa, maana mtu wa mbali anaweza kudhani ni mzaha. Ni mzaha kweli, lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na huu ulikuwa umetunga tangu wenyewe wakiwa wasichana. Siku hizo Bi Pindo hakuwa bado Bi Pindo, jina alilopewa baadaye na wateja kwa sababu ya pindo zake zisizoonyesha uzi. Alikuwa mwanafunzi wa kushona, na ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yake, kulikuwa na ukumbi wa gemu. Humo yalipangwa makabati marefu ya mbao, kila moja na kioo juu na fimbo chini, yakipiga kelele kutwa nzima. Kwenye kona, karibu na mlango wa choo, ilisimama mashine ya Kuku wa Dhahabu. Kuku anadonoa punje vichochoroni, mwewe wanamkimbiza, na kazi yako ni kumwongoza kwa fimbo asiliwe. Basi, ni hivyo tu. Na kwa hivyo tu, nguo za watu zilichelewa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, msichana mrefu mwenye mdomo usiojua likizo. Kila jioni kaka yake alitumwa kumwita nyumbani akale, na kila jioni kaka huyo alisahau alilotumwa, akabaki kumwangalia mwanafunzi wa kushona. Matokeo yake yakawa harusi, na mpinzani akawa wifi.

Lakini kabla ya harusi ulifika mwisho wa ukumbi. Mwenye ukumbi alikuwa anafunga, na siku ile ya mwisho pointi za juu kabisa zilikuwa za muuguzi. Bi Pindo alicheza kama aliyepagawa. Alibakiza punje chache tu ampite. Umeme ukakatika.

"Basi," alisema mwenye ukumbi gizani, "twendeni nyumbani."

Tangu siku hiyo wifi mtu akajiita Bingwa. Kwenye harusi yao alishika kipaza sauti akajitambulisha, "Mimi ni dada wa bwana harusi, na bibi harusi mimi ndiye bingwa wake." Bi Pindo alipojifungua, wifi aliingia wodini na sare yake ya kazi, akamwinamia mtoto na kumnong'oneza, "Pole mwanangu, mama yako alishindwa na kuku." Na kila Bi Pindo alipojitetea kwamba ulikuwa umeme, jibu lilikuwa lilelile: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa wifi alikuwa anahama. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imefanyiwa upasuaji, alitembea kwa mkongojo, na mwanawe anayefanya kazi mji wa mbali alikuwa amesema mama hawezi tena kuishi peke yake. Jumamosi lori lingekuja kuchukua vyombo. Bi Pindo alipopewa habari alisema, "Vizuri, akatunzwe," kisha akaenda jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Aliumia, tusifichane. Lakini huzuni ya Bi Pindo ilikuwa na tabia ya kuvaa nguo za ugomvi, na alipotoka jikoni alikuwa na neno moja tu mdomoni: ubingwa. Mtu yule asiondoke nao!

Bahati ilikuja kwa mkono wa binti wa Bi Pindo, anayeuza simu. Alileta kiboksi kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni, na ndani yake mlikuwa na gemu zote za zamani, Kuku wa Dhahabu akiwemo. Bi Pindo alipiga simu papo hapo.

"Wifi! Ijumaa mchana, kwangu!"

"Mcheza kwao hutunzwa," wifi alijibu baada ya kuelezwa, "lakini wewe utatunzwa aibu. Kifaa cha kuchezea chagua mwenyewe. Tutatumia wote hichohicho, usije ukasingizia umeme tena."

Ndipo mateso yalipoanza.

Kiboksi kilikuja na pedi yake, ile ya kushika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba. Vidole gumba vya Bi Pindo vilikuwa vimesukuma sindano maisha yao yote, vimekomaa kama visigino. Alibonyeza, kuku akaganda. Akakandamiza, kuku akatimua mbio mpaka mdomoni mwa mwewe.

"Mama, bonyeza taratibu. Gusa tu," binti alisema.

"Nimegusa!"

"Umebonyeza kama unaua kunguni."

Wakajaribu kibodi ya kompyuta ya binti. Hiyo Bi Pindo aliipenda kwa muda, mpaka akaanza kuangalia vidole badala ya kuangalia kioo, na kila aliponyanyua macho kuku alikuwa ameshaliwa. Siku iliyofuata binti akaazima usukani wa gemu za magari kwa mwenzake wa dukani. Usukani ulikuwa mzuri, una ngozi, una hadhi. Bi Pindo akaushika, akakaa wima, akawa kama anayepeleka abiria. Ila kuku hakuwa gari. Alizunguka palepale mpaka mchezaji naye akashikwa na kizunguzungu akaomba maji.

Ukaja mkeka wa kukanyaga: mbele, nyuma, kulia, kushoto, ukikanyaga kuku anakwenda. Haya sasa, hapa palikuwa na raha! Bi Pindo alipandisha gauni, akaruka, akachapa miguu, vikombe vikacheza kabatini, picha ya harusi ikaenda upande. Kwa mara ya kwanza alimaliza vichochoro vyote vya mwanzo. Kisha jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio, akapanda mwenyewe akiwa na chokaa kichwani, akauliza kwa heshima kama kuna msiba au kuna ng'ombe.

"Kuna mashindano," alisema Bi Pindo, akihema.

"Basi nawaombea yaishe," alisema jirani, akashuka.

Mwishowe binti alienda soko la vitu vya mtumba na kurudi na fimbo yenyewe. Fimbo ya kweli, yenye kichwa cha mviringo, imesimama kwenye boksi zito, kama iliyong'olewa kwenye mashine ya ukumbini. Bi Pindo alipoishika machozi yalimlenga. Ilikwenda laini kila upande, bila kelele wala kusitasita. Mchagua jembe si mkulima, alijiambia, uchaguzi umekwisha, sasa tulime.

Akalima, akavuna mabua. Alikufa mapema kuliko alivyokufa na pedi. Kulia alikwenda vizuri, juu na chini vizuri, lakini kila ilipofika kona ya kushoto alichelewa nukta moja, na nukta moja kwa mwewe ni chakula cha mchana. Alicheza Jumanne nzima na Jumatano asubuhi. Nguo ya mteja ililala mezani ikiwa na mkono mmoja. Hatimaye aliisukuma fimbo kando, akakaa kitandani na kujifunika kanga kichwani.

"Nimezeeka," alisema humo ndani ya kanga. "Sikuwa na lolote hata zamani. Umeme ulinistiri."

Binti alitaka kucheka, akaona mabega ya mama yake, akaacha.

Mumewe alikuwa sebuleni muda wote huo. Mtaa ulimwita Mzee Saa, kwa sababu alitengeneza saa na kwa sababu aliongea kwa nadra, kama saa ya ukutani. Siku zote hizo alikuwa amekaa na lensi yake jichoni, kichwa ndani ya saa ya mtu, na hakuna aliyemdhania kwamba anatazama kitu kingine.

"Mama," alimwita mkewe. "Hebu njoo ucheze tena."

"Niache."

"Cheza mara moja tu. Usitazame kuku. Mimi nataka nikutazame wewe."

Binti akaguna, akageukia dirishani. Bi Pindo alitoka na kanga yake shingoni, akashika fimbo. Kuku akafika kona ya kushoto. Akaliwa.

"Umeona?" Mzee Saa alimuuliza binti.

"Nimeona ameliwa."

"Tazama kiuno cha mama yako."

Kuku wa pili akatolewa. Ilipofika kona ya kushoto, kabla mkono haujafanya chochote, nyonga ya kulia ya Bi Pindo ilichomoka pembeni, ikapiga hewa, ikarudi. Ndipo mkono ukaenda kushoto. Mwenye nyonga hakuwa na habari nayo. Binti aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ile mashine ya ukumbini ilikuwa mbovu," alisema Mzee Saa, na hayo yalikuwa maneno mengi kwake, lakini hakuwa amemaliza. "Kushoto haiendi mpaka uipige kwa nyonga kwenye kona. Nilimsihi mwenye ukumbi aniruhusu niifungue. Dakika chache tu! Akasema inaingiza hela hivyohivyo. Nilikuwa nikija pale kumwita dada, naisikia inavyogongwa, silali. Mpaka leo inaniuma."

"Nilidhani ulikuwa unaniangalia mimi," alisema Bi Pindo.

"Nilikuwa naangalia vyote viwili."

Bi Pindo alianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, kisha akalazimika kukaa chini. Hakuwa amezeeka! Nyonga yake ilikuwa bado inasubiri kabati ambalo halipo. Alikuwa amejifunza gemu kwenye kitu kibovu, akaujua ubovu wake kama anavyoujua mguu wa mumewe kwenye ngazi, na fimbo nzima ilikuwa inamvuruga.

"Basi iharibu," alisema.

Mzee Saa alitoa lensi jichoni. "Nini?"

"Hii fimbo. Iharibu, iwe kama ile."

Mtu aliyetumia umri wake wote kutengeneza vilivyoharibika alitazama kile kitu kizima, kisicho na kosa lolote, akameza mate. Aliomba afikirie. Akaenda kusimama barazani. Aliporudi alivaa lensi, akafungua boksi kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na swichi ndogo nne, kila upande na yake. Aliiondoa fimbo kwenye boksi lake, akaifunga juu ya meza ya cherehani ya zamani, ile ya kukanyagia ambayo kichwa chake kilishakufa, maana meza ile ilimfika Bi Pindo kiunoni hasa baada ya kuinuliwa kwa matofali. Kisha akailegeza swichi ya kushoto, unywele mmoja tu, isishike mpaka meza ipigwe kona. Alikuwa anatoka jasho. Kila alipozidi kulegeza alisema, "Nisamehe," na haikujulikana anamwambia nani.

Bi Pindo akajaribu. Punje, punje, kulia, juu, kona ya kushoto, nyonga, twaa! Kuku akakata kona, mwewe akala vumbi. Alipiga kigelegele mpaka jirani wa chini akaacha chakula.

Ijumaa mchana wifi aliwasili, mkongojo mbele, mkoba kwapani, mdomo tayari kazini. "Yuko wapi marehemu?" aliuliza mlangoni. Alimkumbatia kaka yake, akambusu binti, akamtazama Bi Pindo juu mpaka chini. "Umevaa viatu vya kukimbilia. Vizuri. Utavihitaji."

Bi Pindo alicheza kwanza. Sitaki kutia chumvi, lakini waliokuwepo wanasema haijawahi kuonekana. Alipiga meza kwa nyonga mpaka matofali yakalalamika. Binti alikuwa amepanda juu ya kochi. Vichochoro viliisha vikaja vingine, na kuku wake wa mwisho alipoliwa, Bi Pindo alikuwa amepata pointi ambazo hakuwahi kuzifikia hata enzi za ukumbi. Aliinua mikono, akazunguka sebule, akakaa kwenye kiti kando ya meza, upande wa kulia, kumsubiri kwa utulivu wifi ashindwe.

Wifi alisimama mbele ya fimbo. Aliitazama meza, akaigusa kona, na uso wake ukabadilika. "Wifi," alisema taratibu, "hii ni ileile."

"Kaka yako kaitengeneza. Kaiharibu, yaani."

Mkono wa wifi ulikuwa haujasahau kitu. Wepesi wa mkono ule! Miaka yote ya kutafuta mishipa ya watu ilikuwa imeunoa. Kuku aliteleza kama amepakwa mafuta. Kisha ikafika kona ya kushoto, nyonga ya kulia ya wifi ikajiandaa, na wifi akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akashika meza. Kuku akaliwa.

Hapo ndipo Bi Pindo alipokumbuka, na moyo ukamshuka mpaka kwenye viatu vyake vya kukimbilia. Wote watatu walikuwa wamehangaika tangu Jumatano na nyonga, wamepima swichi, meza, matofali, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka nyonga ya wifi.

"Mmenitegea," alisema wifi.

"Haki ya Mungu, wifi, hatukufikiria!"

"Fundi wa saa na fundi wa nguo, mnapima kila kitu, hamkufikiria?"

"Hatukufikiria," alisema Mzee Saa, na kwa kuwa hakuwahi kusema uongo, wala hakuwa na maneno ya kutosha kuusema, wifi alimwamini. "Dada, nitairekebisha sasa hivi."

"Usiguse. Nimesema kifaa achague yeye. Bado nina kuku." Akapiga moyo konde, akashika fimbo.

Bi Pindo alikuwa anashinda. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu kwenye kiti. Ubingwa alioulilia ujana mzima ulikuwa unamjia mwenyewe kwa miguu yake, na yeye anautazama uso wa wifi ulivyojikunja, jasho juu ya mdomo, hasogei, haombi. Kuku akapita juu, akapita kulia, mwewe wawili nyuma yake. Kona ya kushoto ikafika.

Twaa!

Nyonga ya Bi Pindo haikuomba ruhusa. Alijikuta amesimama, kiti kimeanguka nyuma, na meza bado inatetemeka. Kuku alikuwa amekata kona.

"Nani amekutuma?" wifi alifoka, macho kwenye kioo.

"Sijui! Imeenda yenyewe!"

"Kushoto tena! Tena! Piga, wewe mwanamke!"

Akapiga. Wakawa bega kwa bega kama walivyosimama zamani wakisukumana zamu, mmoja mkono, mmoja nyonga. Wifi hakuhitaji hata kusema. Bi Pindo alijua kona kabla haijafika. Walicheka mpaka hawaoni, walitukanana matusi ya heshima, binti alikuwa anapiga mbinja juu ya kochi, na jirani wa chini, aliyepanda kulalamika, alikaribishwa akabaki akishangilia kuku. Pointi za Bi Pindo zikafikiwa. Zikapitwa. Kuku wa mwisho alipoliwa hakuna aliyeona, walikuwa wamekumbatiana kwa sababu wifi hangeweza kusimama bila kushika kitu.

"Bingwa," alisema wifi alipopata pumzi, "bado ni mimi."

"Kwa nyonga yangu!"

"Mkono ndio unaoshika fimbo. Nyonga ni kibarua."

Wakagombana chai nzima. Mzee Saa aliwaacha, akachukua bisibisi, akapiga magoti kwenye meza.

"Unafanya nini wewe?" wifi aliuliza.

"Naitengeneza kushoto, dada. Uondoke nayo kesho. Iwe nzima, uweze kucheza mwenyewe huko."

Wifi aliinua mkongojo akaulaza juu ya mkono wa kaka yake, kwa upole. Mdomo wake, ule usiojua likizo, ulitafuta maneno kwanza.

"Nani kakuambia nataka kucheza mwenyewe?" alisema. "Iache mbovu. Iache hapahapa. Nikitaka kucheza nitakuja."

Bi Pindo alinyanyua sahani, akaenda jikoni. Wifi akamfuata kwa mkongojo, na wakaziosha pamoja, zilizo safi na zilizo chafu.

Jumamosi lori lilipakiwa mapema. Wifi alipandishwa mbele kwa dereva na mito miwili, akachomoza kichwa dirishani. "Bingwa anaondoka!" alitangazia mtaa mzima. "Mtabaki na nani?"

Bi Pindo alikuwa na majibu kumi, aliyapanga tangu alfajiri. Injini ikanguruma, lori likajongea polepole kuelekea kwenye kona, na yeye akayaacha yote, akakimbilia nyuma yake kwa viatu vyake vya siku ile, akalifikia kwenye ubavu wa kulia, akajipinda, akalipiga kwa nyonga kwa nguvu zake zote. Twaa!

Lori likakata kushoto. Kicheko cha wifi kilisikika mpaka lilipopotea.

Mumewe na binti walimkuta katikati ya barabara, anajisugua kiuno, machozi yanamtiririka.

"Mmeona?" alisema. "Bila mimi hawezi hata kukata kona."